Vekta ilivyotafuta lugha kwa zaidi ya nusu karne: Funzo kwa waundaji wa istilahi za Kiswahili

KUNA neno ambalo kila aliyepitia Kidato cha Pili katika mfumo wa 8-4-4 amelisikia, akaliandika daftarini, akapata au akakosa alama kwa sababu yake, kisha akaliacha langoni siku alipomaliza shule. Neno lenyewe ni vekta. Ukimuuliza leo, atakuchorea mshale, aweke tarakimu mbili ndani ya mabano, moja juu ya nyingine, halafu anyamaze. Hakuna aliyemwambia kwamba mshale huo una historia, na kwamba sehemu kubwa ya historia hiyo ni ugomvi wa lugha.

Mimi si mwanahisabati. Ni mtu wa isimu. Hata hivyo, kila ninaposikia mjadala wetu wa miaka nenda miaka rudi kuhusu istilahi za sayansi katika Kiswahili, eti tutohoe au tuunde upya, eti lugha yetu iko tayari au haijakomaa, huwa naikumbuka vekta. Dhana hii ilikuwa imeshafikiriwa vizuri kufikia 1844. Ilichukua hadi 1901 kupata kitabu cha kiada ambacho mwanafunzi wa kawaida angeweza kukifungua na kukielewa. Katika miaka hiyo yote, ukweli wa dhana haukuwa na kasoro. Kilichokosekana ni lugha ya kuibebea.

Tuanze na dhana yenyewe, ili tusije tukazungumzia jina bila mwenye jina. Kuna vitu ambavyo tarakimu moja yatosha kuvieleza. Kilo mbili za sukari ni kilo mbili, ukiibeba kwenda Kisumu au Lamu. Joto la mgonjwa, bei ya unga, umri wa mtoto: vyote ni vya aina hiyo, na wanahisabati huviita skala. Lakini mwambie nahodha wa jahazi kwamba upepo unavuma kwa kasi ya kilomita 20 kwa saa, naye atakuuliza papo hapo: kutoka wapi? Bila jibu la swali hilo, hujamwambia kitu. Upepo una ukubwa na una mwelekeo, na kimoja bila kingine ni nusu ya habari. Hiyo ndiyo vekta.

Tena Waswahili wa pwani walilijua hilo kwa njia yao. Kaskazi ni upepo wa msimu unaovuma kutoka kaskazini mashariki, kusi ni ule unaotoka upande wa kusini. Majina ya pande za dunia, kaskazini na kusini, yamejengwa juu ya majina ya pepo hizo. Katika lugha yetu, upepo na uelekeo wake vilishikana hadi kimoja kikazaa jina la kingine.

Sasa hebu tujumlishe. Mvuvi anavuka mto. Ameelekeza mtumbwi wake moja kwa moja ng'ambo, na anapiga kasia kwa kasi ya kilomita 4 kwa saa. Mkondo wa maji nao unamsukuma kuelekea chini ya mto kwa kilomita 3 kwa saa. Je, mtumbwi unakwenda kwa kasi gani? Si 7. Unakwenda kishazari, kwa kilomita 5 kwa saa. Chora mshale wa 4, kisha kwenye ncha yake uanzishe mshale wa 3 unaofanya nao pembe mraba. Mstari unaotoka mwanzo wa wa kwanza hadi ncha ya wa pili una urefu wa 5. Nne na tatu zimekuwa tano, na hesabu haijakosewa.

Kutoa ni kujumlisha vilevile, ila mshale mmoja umegeuzwa nyuma. Ndiyo maana mtu anayetoka Nairobi hadi Thika na kurudi ametembea takriban kilomita 90 kwa miguu yake, lakini kwa hesabu ya vekta hajaenda popote: mshale wa kwenda na mshale wa kurudi vimefutana.

Hilo la kujumlisha halikuwa siri. Simon Stevin, mhandisi kutoka nchi za Uholanzi na Ubelgiji za leo, alieleza mwaka 1586 jinsi nguvu tatu zinavyoweza kusawazishana kama pande za pembetatu. Isaac Newton akaiweka kanuni ya msambamba wa nguvu katika kurasa za mwanzo za Principia mwaka 1687. Lakini hawa walichora tu. Hawakuwa na hesabu ya mishale, yaani alama na kanuni za kukokotoa bila kuchora kila mara.

Aliyekaribia zaidi ni mpima ardhi Caspar Wessel, mzaliwa wa Norway aliyefanya kazi Denmark. Mwaka 1797 aliwasilisha mbele ya Chuo cha Kifalme cha Sayansi cha Denmark makala kuhusu kuijumlisha na kuizidisha mistari yenye mwelekeo. Makala yalichapishwa 1799, kwa Kidenmaki. Wanahisabati wakubwa wa Ulaya enzi hizo walisoma Kifaransa, Kilatini na Kijerumani. Kazi ya Wessel ikalala karibu miaka mia moja, hadi ilipotafsiriwa kwa Kifaransa mwaka 1897, wakati wengine walikwisha kuyavumbua upya yaliyomo. Msomaji wangu, weka alama hapo: mtu alisema kweli, akaisema mapema, ila aliisema kwa lugha ambayo wenye kuihitaji hawakuisoma.

Kisha akaja William Rowan Hamilton wa Dublin, Ireland. Huyu alitaka zaidi ya kujumlisha. Alitaka kuizidisha mishale ya anga yetu yenye urefu, upana na kimo, mshale kwa mshale, na jibu lipatikane kwa kanuni safi. Alihangaika kwa muda mrefu. Alikuja kusimulia baadaye, katika barua kwa mwanawe, kwamba asubuhi akishuka kupata kiamsha kinywa wanawe walikuwa wakimuuliza kama sasa anaweza kuzizidisha tarakimu zake za utatu, naye akitikisa kichwa kwa huzuni na kujibu kwamba anaweza kuzijumlisha na kuzitoa tu.

Tarehe 16 Oktoba 1843 alikuwa akitembea na mkewe kando ya Mfereji wa Royal, akielekea mkutano wa Chuo cha Kifalme cha Ireland. Walipofika kwenye daraja la Broom, jibu likamjia: tarakimu tatu hazitoshi, zinahitajika nne. Alitoa kisu akaichonga kanuni yake kwenye jiwe la daraja. Maandishi yale yalifutika zamani, lakini mwaka 1958 bamba la kumbukumbu liliwekwa hapo, na aliyelizindua alikuwa Éamon de Valera, kiongozi wa Ireland aliyewahi kuwa mwalimu wa hisabati.

Tarakimu hizo za nne Hamilton aliziita kwaternioni. Zilikuwa na tabia iliyowashtua wengi: ukizidisha ya kwanza kwa ya pili hupati jibu lile lile kama ukizidisha ya pili kwa ya kwanza. Shuleni tumezoea kwamba tatu mara tano ni sawa na tano mara tatu. Lakini maishani mpangilio una maana. Avaaye soksi kisha viatu na avaaye viatu kisha soksi hawatoki nyumbani wakiwa sawa.

Hapa ndipo neno letu linapozaliwa. Kila kwaternioni ilikuwa na sehemu mbili: tarakimu moja ya kawaida, na tarakimu tatu zinazoonyesha mwelekeo. Hamilton aliiita ya kwanza skala, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya ngazi, kwa kuwa tarakimu hizo hupanda na kushuka kama vidato. Ya pili akaiita vekta. Wanafalaki walikwisha kulitumia neno hilo kwa mstari unaounganisha jua na sayari, lakini Hamilton ndiye aliyelipa maana tunayoijua. Mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini vehere, kuchukua au kubeba. Vekta, kwa tafsiri ya moja kwa moja, ni mchukuzi. Ni kitu kinachoitoa nukta hapa na kuifikisha pale.

Niliwahi kuulizwa na mwanafunzi mmoja wa isimu kwa nini wataalamu wa afya nao humwita mbu vekta. Jibu ni hilo hilo: mbu ni mchukuzi, anabeba vimelea vya malaria kutoka damu ya mtu hadi damu ya mtu. Mshale wa Kidato cha Pili na mbu wa Budalang'i ni ndugu wa ukoo mmoja wa maneno.

Kwa bahati mbaya Hamilton hakutosheka na maneno mawili. Katika kitabu chake cha 1853, Lectures on Quaternions, chenye kurasa zaidi ya 700, alizua msururu wa istilahi za Kilatini, nyingine zikiwa na tofauti ndogo mno kati yake, hadi msomaji anachoka kabla hajafika kwenye hesabu. Vekta na skala zilisalimika. Nyingi za nyingine hakuna azikumbukaye.

Wakati huo huo, mwalimu wa shule mjini Stettin, mji ambao sasa ni Szczecin nchini Poland, alikuwa amefika mbali kuliko Hamilton. Hermann Grassmann alichapisha mwaka 1844 kitabu kiitwacho Die lineale Ausdehnungslehre. Hamilton aliishughulikia anga ya vipimo vitatu tunayoishi ndani yake. Grassmann aliuliza: kwani ni lazima viwe vitatu? Akaunda hesabu ya mishale katika anga ya vipimo vinne, kumi, mia, idadi yoyote upendayo.

Lakini alikiandikaje? Alianza na falsafa nzito, mifano akaibana. Na tofauti na Hamilton aliyekopa Kilatini kila kukicha, Grassmann alipendelea maneno ya Kijerumani asilia, mengine akiyapa maana mpya kabisa. Wanahisabati wa nchi yake mwenyewe walikifungua wakakifunga. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kitabu cha Grassmann kilikuwa kizuri, na hakikujiuza. Mwaka 1864 nakala takriban 600 ambazo hazikununuliwa ziliishia kuwa karatasi taka. Alikuwa amejaribu tena kwa toleo jipya mwaka 1862, nalo halikupata wasomaji.

Yaliyofuata yanatuhusu sisi watu wa lugha kwa karibu. Aliposusiwa na wanahisabati, Grassmann aligeukia isimu. Alijifunza Kisanskriti, akatunga kamusi kubwa ya Rig-Veda iliyotoka kati ya 1873 na 1875, na akaitafsiri Rig-Veda yenyewe kwa Kijerumani. Mwaka 1863 alieleza kanuni ya sauti ambayo hadi leo inaitwa Kanuni ya Grassmann: katika Kisanskriti na Kigiriki cha kale, sauti mbili zenye mpumuo zikikaribiana katika silabi zinazofuatana, ya kwanza huacha mpumuo wake. Chuo Kikuu cha Tübingen kilimtunuku shahada ya heshima mwaka 1876. Alifariki mwaka uliofuata.

Wanafunzi wa isimu hapa Kenya wanaijua binamu ya kanuni hiyo, Kanuni ya Dahl, iliyopewa jina la mmishonari Edmund Dahl aliyeiona katika Kinyamwezi. Kwa kanuni hii sauti mbili zisizo ghuna hazipendi kujirani. Ndiyo maana katika Gĩkũyũ kupika ni kũruga, lakini kusoma ni gũthoma: kile kiambishi cha kũ kimegeuka kuwa gũ kwa sababu ya sauti inayofuata. Sisi tunasema Kikuyu, wenyewe wanasema Gĩkũyũ, na tofauti hiyo ni kanuni hiyo kazini.

Turudi kwa vekta. Iliokolewa na watu wawili ambao kila mmoja alifanya kazi peke yake. Wa kwanza ni Josiah Willard Gibbs, profesa wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Wa pili ni Oliver Heaviside wa Uingereza, aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 16, akafanya kazi ya telegrafu, na ambaye usikivu wake ulikuwa hafifu. Wote wawili walikuwa wamesoma kitabu cha James Clerk Maxwell cha 1873 kuhusu umeme na sumaku, ambamo kwaternioni zilitumika kidogo. Wote wawili wakajiuliza: hii mizigo yote ni ya nini?

Walichofanya ni kuigawa kazi ya Hamilton. Kuzidisha vekta mbili kwa njia yake kulitoa majibu mawili yaliyofungwa pamoja. Wao wakayafungua, kila moja likasimama peke yake.

La kwanza ni kuzidisha kwa nukta, na jibu lake ni skala. Mfikirie hamali anayevuta mkokoteni kwa kamba yenye mwinamo. Akivuta kwa nguvu ya nyutoni 200, na kamba ikifanya pembe ya digrii 60 na barabara, ni nyutoni 100 tu zinazousogeza mkokoteni mbele. Nguvu iliyosalia inaunyanyua bure. Kamba ikielekea juu wima, nguvu ya mbele ni sifuri, hata hamali atoke jasho namna gani. Kuzidisha kwa nukta kunapima hasa hilo: mishale miwili inasaidiana kiasi gani.

La pili ni kuzidisha kwa msalaba, na jibu lake ni vekta. Mfikirie fundi anayekaza nati kwa spana. Mkono wa spana ni mshale mmoja, nguvu ya fundi ni mshale wa pili, na nati inaingia ndani kwa mwelekeo wa tatu ulio pembe mraba kwa yote mawili. Ukibadilisha mpangilio wa mishale, jibu linageuka upande: nati inayokazwa inakuwa nati inayofunguliwa.

Gibbs aliyaandika haya katika kijitabu, akakichapa kwa gharama yake kwa ajili ya wanafunzi wake, sehemu moja 1881 na nyingine 1884, kisha akakituma kwa wanasayansi wa nchi mbalimbali. Mwaka 1901 mwanafunzi wake wa zamani, Edwin Bidwell Wilson, akayageuza masomo ya mwalimu wake kuwa kitabu kiitwacho Vector Analysis. Heaviside naye alizitumia vekta kuzifupisha milinganyo ya Maxwell hadi ikabaki minne, na akapendekeza vekta zichapwe kwa herufi nzito, desturi iliyomo vitabuni mwetu hadi leo.

Msidhani walipigiwa makofi. Peter Guthrie Tait wa Edinburgh, mfuasi sugu wa Hamilton, aliushambulia mfumo wa Gibbs mwaka 1890 kwa maneno makali, akauona kuwa dude la mchanganyiko lisilo la huku wala la kule. Mabishano yakahamia kwenye jarida la Nature na kuendelea kwa miaka kadhaa. Ukiyasoma leo utashangaa, kwa kuwa hakuna aliyedai mwenzake amekosea hesabu. Walikuwa wakigombania alama, majina, na nani ana haki ya kuamua. Gibbs, kwa utu wake, alitumia nafasi hiyo kumkumbusha kila mtu kwamba Grassmann alikwisha kuyaona mengi kabla yao.

Hapo ndipo ninapoileta hoja yangu nyumbani. Katika kongamano zetu za Kiswahili kuna kambi mbili. Moja husema tutohoe: vekta, skala, mambo yaishe. Nyingine husema utohozi ni uvivu, tuchimbe mizizi ya Kibantu. Historia hii inazikata kauli kambi zote mbili. Hamilton alikopa na msururu wake mwingi ukafa. Grassmann aliunda kwa lugha ya mama na vitabu vyake vikawa taka. Aliyeshinda ni yule aliyechukua maneno machache, akayapa alama nyepesi, akaingia nayo darasani. Istilahi haikomai kwenye orodha ya kamati. Hukomaa mdomoni mwa mwalimu na mkononi mwa mwanafunzi.

Kwa hivyo sina ugomvi na vekta. Libaki. Ila mwalimu anayelitaja aseme pia kwamba ni mchukuzi, na mwanafunzi atajua mshale unafanya kazi gani. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, lakini hisabati ya sekondari tunaifundisha kwa Kiingereza. Hata jirani zetu wa Tanzania, ambao shule zao za msingi za umma hufundisha kwa Kiswahili, wanabadilisha lugha mlangoni mwa sekondari, papo hapo ambapo vekta inamsubiri mtoto.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha. Mwaka 2013 Tomas Mikolov na wenzake wa kampuni ya Google walitangaza mbinu ya kuligeuza kila neno la lugha kuwa vekta yenye mamia ya vipimo, ile anga ya Grassmann hasa. Maneno yanayotumika katika mazingira yanayofanana hupata mishale inayoelekea upande mmoja, na ukaribu wao hupimwa kwa pembe iliyo kati yao, hesabu ile ile ya hamali na kamba. Mifumo ya leo ya kutafsiri na kuandika kwa kompyuta inasimama juu ya msingi huo.

Lakini mishale hiyo haitoki hewani. Hutengenezwa kutokana na maandishi yaliyopo. Lugha yenye maandishi mengi ya sayansi hupata vekta nzuri za sayansi. Lugha ambayo sayansi yake haijaandikwa, mashine haina pa kuishika. Tukiendelea kubishana kama Kiswahili kiko tayari, bila kuandika hata somo moja la Kidato cha Pili kwa Kiswahili, tutakuwa tumejiwekea sifuri wenyewe. Aliye mwalimu wa hisabati na aandike somo moja. Aliye mwanaisimu na amsaidie kulisoma. Maneno mawili, vekta na skala, yanatosha kuanzia.